Sanduku Langu na Jiko la Mama Hadija

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefungua sanduku baada ya paredi, kama kila Jumatatu. Karatasi kumi na mbili. Tano zinalia chumvi. Tatu zinalia wadudu kwenye maharage. Moja inauliza kama ni kweli mwalimu wa Fizikia ana mchumba Mtwara. Moja imechorwa punda, na punda amevaa miwani yangu. Moja tupu.

Ya kumi na mbili: SITAKI KUFIKA NOVEMBA.

Herufi kubwa, zimepigwa kwa rula ili mwandiko usijulikane. Karatasi ya grafu, imechanwa taratibu. Novemba ndio mtihani wa kidato cha nne. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Walinipa unasihi kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa kike pekee anayelala ndani ya uzio wa shule, hatua thelathini kutoka bweni. Siku tatu za semina. Nikarudi na sanduku la mbao, kufuli, na viti viwili vinavyotazamana. Juu ya sanduku nimeandika kwa mkono wangu: SIRI YAKO IKO SALAMA, HAKUNA ATAKAYEKUTAFUTA.

Wasichana thelathini na wanane bwenini, wote wa kidato cha nne. Mmoja wao ndiye huyu. Nitamtafuta. Naogopa.

Jumanne, 3 Septemba

Sijamwambia mtu. Mkuu wa shule akijua ataitisha kikao, na kikao cha shule hii hakina siri, kina chai.

Nimeita watano. Nimewaketisha kwenye kiti cha pili, mmoja mmoja. Nimewaambia waniangalie machoni, kama semina ilivyoelekeza. Wote wameangalia vidole vya miguu. "Niko sawa, madamu." Watano, jibu moja, kama wimbo wa shule. Mtu aliye sawa hasemi yuko sawa huku anatoa jasho.

Wananificha kitu. Si mmoja. Wote.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimejua wanakwenda wapi.

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu umelala mpaka kwenye mikorosho. Nilitoka kuangalia foleni ya ndoo kisimani. Jikoni taa inawaka. Nimechungulia. Mama Hadija, mpishi wetu, anakoroga uji. Karibu naye wasichana wanne wamechuchumaa na ungo, wanachambua maharage. Si zamu yao. Zamu nimeibandika mwenyewe mlangoni. Walikuwa wanaongea, tena mmoja anaongea sana, sauti ya chini, nyingine zinaitikia "mmh". Nilipoingia wakanyamaza. Nyungo zikaendelea.

"Karibu, mwalimu. Uji bado."

Hivyo tu. Kwa adabu. Adabu ya mtu anayekufungia mlango taratibu ili usisikie komeo.

Mama Hadija si mpishi tu. Kijiji chote cha Kitangari kinajua ni kungwi. Nusu ya wasichana hawa wamepita mikononi mwake walipochezwa unyago. Anawapa nini jikoni? Dawa? Salamu za wanaume? Mpishi anaamkiwa "shikamoo" na binti anapiga goti mpaka chini. Mimi naamkiwa "shikamoo madamu" huku mtu anatembea.

Nimeona wivu. Naandika ili nisijidanganye. Lakini wivu si ushahidi kwamba nimekosea.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekagua madaftari. Nimesema natafuta usafi. Nimetafuta kurasa za grafu zilizochanwa.

Wamo watatu. Wawili wana majibu yanayoeleweka. Wa tatu ni Mwajuma, yule anayecheka kanisani, msikitini na kwenye mtihani wa Hesabu. Hesabu anapata tisa kwa mia. Kurasa nne hazipo. Nikamuuliza, akacheka. Nikamuuliza tena mbele ya wenzake, akaacha kucheka. Nimemwambia kila siku saa kumi aje ofisini mpaka atakaponiambia ukweli.

Daftari la Sharifa sikulikagua. La nini? Sharifa ni wa kwanza tangu kidato cha kwanza. Shule hii haijawahi kutoa msichana wa Daraja la Kwanza, na safari hii tunaye. Mwezi wa sita niliandika mwenyewe ukutani, kwa rangi ya mafuta, kwenye njia ya kwenda vyooni ambako kila mtu anapita: SHARIFA, DARAJA LA KWANZA, TEGEMEO LETU. Herufi zimenyooka. Mkuu alipiga picha.

Mungu angenipa thelathini na wanane kama yeye, sanduku ningelifanya kiota cha kuku.

Jumatatu, 9 Septemba

Karatasi ya grafu tena. Rula ileile.

MWAJUMA SI YEYE. MWACHENI.

Kwa hiyo ananiona. Mimi namchungulia yeye, naye ananichungulia mimi. Darasani leo nilifundisha figo nikiwa nahisi macho mgongoni. Kila nikigeuka kutoka ubaoni, vichwa thelathini na vinane vimeinama vinaandika. Hakuna darasa linaloandika hivyo. Ni wanafiki.

Mwajuma nimemwachilia. Sikumwomba radhi. Huenda ndiye aliyeandika, kujiokoa. Mjanja hacheki bure.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemkabili Mama Hadija. Baada ya chakula cha mchana, masufuria yanaoshwa. Nimemwonyesha karatasi zote mbili. Hakushika hata moja. Alizitazama kama mtu anayetazama nguo ya ndani ya mwenzake.

Nikamuuliza kama anajua ni nani.

"Namjua."

Nikamwambia anitajie.

"Mwalimu, ntoto aliniambia mimi. Akitaka kukwambia wewe, miguu anayo."

Nimepandwa na hasira mpaka miwani ikaingia ukungu. Binti yuko hatarini na mwanamke huyu anakaa juu ya siri kama kuku juu ya mayai. Akaniambia nisiogope, anamtazama kila alfajiri, kila siku anamhesabu. Anamtazama nani? Kwa cheti gani?

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mkuu. Nimesema mpishi anakusanya wanafunzi jikoni kabla ya mapambazuko, anawafundisha mambo yasiyo ya shule, anakataa kutoa taarifa. Yote ni kweli. Nimeyapanga tu yakae vizuri. Mkuu hakutaka maneno mengi, wazazi wakisikia kungwi na shule katika sentensi moja watajaa uwanjani. Amemsimamisha mpaka kamati ikae.

Mama Hadija alikunja aproni yake, akaiweka juu ya jiwe la kusagia, akapita mbele ya mlango wangu. Hakuniangalia. Nimefanya sahihi. Nimefanya sahihi.

Ijumaa, 13 Septemba

Uji umeungua siku mbili mfululizo. Mpishi wa muda anatoka Newala mjini na anapika kama anadaiwa.

Bweni kimya. Si kimya cha kusoma. Nikiingia wanasimama, nikitoka wanakaa. Nimefungua sanduku kabla ya siku yake. Tupu. Hata chumvi hakuna aliyeililia. Hata punda.

Na jambo jingine. Jaribio la Baiolojia, Sharifa ameleta karatasi nyeupe. Jina, tarehe, basi. Nimemwita. Nimemwambia: wewe tena? Shule nzima inakutegemea wewe, baba yako amenipigia simu juzi anauliza utasoma udaktari au uuguzi, na wewe unaniletea karatasi nyeupe? "Ndiyo, madamu." Anaangalia sakafu. Nimemwambia aniangalie.

Akaniangalia. Sikupenda nilichokiona. Nikamruhusu aende.

Amekonda. Nimeliona leo. Labda ni uji.

Jumamosi, 14 Septemba

Masasi. Nimeshuka kumwona mama, nyumbani kwake mtaa wa Mkomaindo. Joto la huku chini linakukumbusha kwamba Newala tunaishi juu ya dari.

Nimemweleza yote. Nilitarajia anipe pole. Amecheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Sasa Felista, watakwambia wewe? Umechezwa wewe?"

Sikuchezwa. Baba alikuwa mwinjilisti, alikataa. Wenzangu wa mtaani walipoingia ndani mwezi mzima, mimi nilikuwa nakariri zaburi. Walipotoka wamepakwa mafuta, wamepewa majina mapya, nikawaita kwa majina yao ya zamani na wakanipiga makofi. Nilikuwa nimesahau. Hapana, sikuwa nimesahau.

Mama anasema kwa wale mabinti mimi bado ni mtoto. Mambo ya mwilini na ya moyoni hayaongelewi mbele ya mtoto, hata mtoto awe na mvi. Si dharau, anasema, ni kunilinda. Na tena, anasema, nani alinifundisha kumkalisha binti wa watu mbele yangu nimkodolee macho? Huko ni kumshtaki. Yeye mwenyewe, kitu chochote alichowahi kumwambia mama yake, alikisema anatwanga.

Miaka arobaini na moja. Digrii moja. Cheti cha unasihi chenye muhuri. Mtoto.

Nimekasirika sana. Sijala pilau lake, na nilikuwa na njaa.

Jumatatu, 16 Septemba

Nitaandika yote.

Saa kumi na mbili, kuhesabu watu. Thelathini na saba. Nimehesabu tena. Thelathini na saba. Kitanda cha Sharifa kimetandikwa, sare imekunjwa juu ya mto, viatu vimepangwa chini. Mtu anayekwenda chooni hakunji sare.

Hapo ndipo nilipojua. Si Mwajuma. Si wale watano. Daftari moja tu sikulifungua. Nimelitoa kwenye sanduku lake la bati. Kurasa mbili za grafu hazipo, zimechanwa taratibu.

Nimewauliza wenzake. Wamenitazama wote, bila kuinamisha uso, kwa mara ya kwanza. Mwajuma ndiye aliyesema. "Tulikuwa tunampeleka jikoni kila alfajiri, madamu. Mama Hadija anamlisha. Umemfukuza." Hakucheka.

Mkuu akakimbilia simu. Mimi nikakimbilia kisima. Kile kikubwa cha maji ya mvua nyuma ya bwalo, cha saruji, kifuniko chake cha bati hakina kufuli, nimelisema hilo kwenye vikao vitatu. Kifuniko kilikuwa kimesogezwa. Nimelala kifudifudi kwenye saruji, nimeingiza kichwa na mkono wenye tochi ya simu. Septemba maji yako chini sana. Nimemulika kila kona. Nilikuwa nasema kitu kwa sauti, sijui zaburi sijui jina lake, kikanirudia. Maji yalikuwa matupu. Kilichoonekana ni sura yangu.

Wenye ndoo tu ndio waliosogeza kifuniko, alfajiri.

Kisha nikaenda kwa Mama Hadija. Nimekimbia kwa miguu njia yote ya mikorosho, na kandambili moja nimeiacha njiani.

Alikuwepo. Sharifa. Amekaa kwenye mkeka uani, kanga ya Mama Hadija mabegani, kikapu cha mbaazi za mwisho mbele yake, anamenya. Hakuinua uso. Mama Hadija akasema amefika kabla ya adhana, kwamba amemtuma jirani kwa Mkuu na mwingine kwa baba yake, kwa sababu hapo kwake simu haishiki mpaka upande kichuguu. Tumepishana njiani. Nilitaka kusema mambo mengi. Nilitaka kumkumbatia binti, nilitaka kumchapa pia. Nililia tu, kwa sauti, nimesimama na kandambili moja.

Mama Hadija akanisogezea ungo. "Kaa, mwalimu. Menya."

Nikakaa. Si mbele yake. Pembeni, bega kwa bega, kama nilivyowekwa. Tumemenya. Kuku wamepita. Mbaazi mbichi zinapaka kucha ukijani. Nilipotaka kufungua mdomo, Mama Hadija alinibonyeza goti. Nikaufunga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Baada ya muda mrefu Sharifa alianza kusema. Aliziambia mbaazi. Kwamba halali tangu mwezi wa sita. Kwamba akifungua kitabu herufi zinatembea. Kwamba kila akienda chooni anapita kwenye ule ukuta, akienda na akirudi, na siku hizi hanywi maji ili asiende.

"Nikifeli, nani atalifuta?"

Hivyo tu. Akachukua ganda jingine.

Wiki mbili nzima nimeshuku kila mtu. Nimeshuku mpishi, kicheko cha Mwajuma, wanaume nisiowajua. Rangi iko bado kwenye ncha za viatu vyangu vya kazi. Mimi.

Akasema hakutaka kufa. Alitaka Novemba isije. Kisha akasema siku nyingine hajui kama hayo ni mambo mawili. Mama Hadija akaitikia "mmh", ile "mmh" niliyoisikia jikoni. Nikaitikia nami. Ilitoka vibaya lakini ilitoka.

Jumanne, 17 Septemba

Baba yake Sharifa amekuja na baiskeli, mtu mfupi, anashika kofia yake kwa mikono miwili. Nilidhani atagomba. Aliuliza tu kama binti amekula. Tumempeleka hospitali pamoja, yeye, mimi na Mama Hadija. Muuguzi amezungumza naye peke yake saa nzima na ametaka amwone kila Alhamisi. Sharifa amesema atakwenda, ila Mama Hadija akae naye nje kwenye benchi.

Kwa Mkuu nimesema nilivyosema na nilivyopaswa kusema. Nimesema mwenye kosa ni mimi. Amesugua kichwa. Ameuliza kama nitayaandika kwa barua. Nimeiandika pale pale. Mama Hadija anarudi kesho. Kisima kinafungwa kufuli leo, na leo nimesimama mpaka fundi alipomaliza.

Mwajuma nimemwomba radhi. Mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya wenzake ndipo nilipomuumiza. Hakujua aweke wapi mikono. Nimemuuliza zile kurasa nne zilikwenda wapi. Punda, madamu, amesema. Alijaribu mara nne ndipo akapatia ile miwani.

Alhamisi, 19 Septemba

Ukuta.

Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Nimejaribu sabuni, mchanga, mafuta ya taa. Wanafunzi wanapita wanatazama madamu wao anasugua ukuta wa chooni. Aibu ni kitu kizito lakini kinabebeka, nimegundua. Mwishowe nimepaka chokaa. Mkono wa kwanza, jina linaonekana. Wa pili, linaonekana. Mwajuma akaja na brashi, hakuitwa. Alichukua upande wa TEGEMEO, mimi upande wa SHARIFA.

Mkono wa nne umelimeza. Jua la jioni likipiga kwa ubavu, ukijua mahali, bado utaona mstari wa herufi ya kwanza. Nitarudia Jumamosi.

Maneno ya juu ya sanduku nayo nimeyafuta. Niliahidi kutomtafuta mtu, nikamtafuta, tena nikamkosa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Sanduku: karatasi saba. Chumvi tena. Imezidi, wanasema sasa. Punda amerudi, safari hii ana brashi.

Kiti cha pili nimekirudisha bwaloni.

Saa kumi na moja nilikwenda jikoni. Nakwenda siku tatu kwa wiki, Mama Hadija amenipangia, na zamu yangu ameibandika yeye mlangoni. Wiki iliyopita nilimuuliza, nusu mzaha, kama mtu wa umri wangu bado anaweza kuchezwa. Alicheka mpaka mwiko ukaanguka kwenye uji. Kiuno chako kitavunjika, mwalimu, akasema. Kisha akasema atafikiri.

Mengine bado hawayasemi nikiwepo. Nikiingia wanabadilisha maneno, nasikia yanavyogeuka. Sawa. Si yangu yote.

Ukungu leo ulikuwa mzito. Wasichana sita, nyungo nne. Mmoja akasimulia ndoto ya mtihani, karatasi imeandikwa Kireno. Wakacheka. Sharifa alikaa upande wangu wa kushoto. Amerudi kusoma, kidogo kidogo, usiku analala. Atapata daraja gani sijui, na sijamuuliza, na baba yake nimemwomba asimuulize. Siku nyingine bado anakuja na macho ya ile Ijumaa. Siku hizo tunachambua polepole zaidi.

Alinyoosha mkono kwenye ungo wangu.

"Madamu, hili jiwe umeliacha."

Nikalitoa. Sikuinua uso. Nikamwambia asante, nikaendelea kuchambua.